Kiduka cha vitabu vya mitumba nyuma ya ngome Lamu, katuni bei poa na kelele bure

Hakina bango. Uliza tu mwenye vitabu nyuma ya ngome, mtoto yeyote pale Mkunguni atakupeleka. Ndani ni kama stoo, vitabu vimepandiana mpaka karibu na boriti, mpangilio hamna kabisa, ila pembeni chini ya feni kuna boksi la katuni na hilo ndo linanipeleka mimi. Vile vitabu vya kulala upande vya Garfield, yule paka wa katuni mnene wa rangi ya chungwa, ni 150 mpaka 200, na ukirudisha ulichomaliza unabadilishiwa kwa hamsini. Wapi tena utapata hivyo?

Ubaya ni unyevu. Vitabu vinatoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe halafu boti, vikifika vinakaa hapo na hewa ya bahari, kurasa zinashikana. Changu hakikuwa na kurasa za katikati, nikamrudishia, ami akacheka akanipa kingine bila kuongeza hata ndururu. Kwa hiyo hapo sina neno, lakini kagua kabla hujalipa.

Sasa utamu wenyewe uko nje barazani. Wateja wa lile boksi wanajuana, na kila ukikaa na kahawa utakuta wanabishana: Garfield dume au jike? Usicheke, watu wanatoa mishipa ya shingo. Kuna kijana hushikilia kwamba Jim Davis mwenyewe, mchoraji aliyemleta magazetini 1978, alisema kwenye mahojiano ya 2014 kuwa Garfield kwa vile ni paka si wa kiume wala wa kike hasa, ni wa kila mtu. Ni kweli alisema, na 2017 maneno hayo hayo yakazua vita Wikipedia, huyu anaandika dume yule anafuta, mpaka ukurasa ukafungwa. Lakini kijana huwa anaishia hapo, hafiki pale Davis alipoulizwa tena na Washington Post akajibu Garfield ni dume na ana mchumba, Arlene, yule paka wa waridi mwenye pengo. Kwangu kesi imeisha hapo.

Mama muuza mahamri wa jirani wala hataki habari za Washington. Yeye anasema paka wa rangi ile ni dume, basi, nani hajui? Na kwa Lamu hii yenye paka kila ngazi ya nyumba huwezi kumbishia, na sayansi iko upande wake maana ile rangi ya chungwa hubebwa na kromosomu ya X, dume ana X moja tu, ikiibeba inatosha, jike anazo mbili na lazima zote ziibebe, ndo maana kwenye paka wa chungwa kama wanne kati ya watano ni madume. Sema bado anabaki yule wa tano, na kijana anamng'ang'ania huyo huyo.

Wakichoka wanahamia kwa Nermal, yule paka mdogo anayemkera Garfield, na hapo hata mimi huacha kahawa. Kope ndefu, anaringa, anajiita paka mzuri kuliko wote duniani, na kwenye katuni za TV za zamani sauti yake ilitiwa na mwanamke, nusu ya baraza wanaapa ni msichana. Ni dume jamani! Na yeye ni wa kijivu kwa hivyo hata mama wa mahamri hana la kusema. Halafu lile tishio la Garfield la kumtia kwenye boksi amtume Abu Dhabi, hapa halitishi mtu, nusu ya baraza wana ndugu huko na wengine wanasubiri viza.

Nyota nne, moja nimekata kwa unyevu. Anafunga adhuhuri, anarudi baada ya swala ya alasiri, saa hiyo ndo kuzuri. Kahawa ni ya mzee wa birika, yeye hapokei M-Pesa, beba chenji.