Wale wawili wa ghorofa ya juu: nimesoma tena A View from the Bridge

Nakala yangu niliinunua pauni 2 kwenye duka la mitumba, karibu na kituo cha basi ninaposhukia nikitoka kazini asubuhi. Kitabu chembamba, jalada limepinda, na mwanafunzi aliyekimiliki kabla yangu kakijaza penseli tangu ukurasa wa kwanza. Nilikichukua kwa ajili ya binti yangu aliyepangiwa tamthilia hii ya Mmarekani Arthur Miller shuleni, kumbe walishamgawia yake. Basi ikabaki kwangu, nikawa naisoma wakati wa mapumziko ya saa nane usiku, nimekalia boksi, nimezungukwa na maboksi.

Hadithi yenyewe nilikuwa naijua. Machi 2015 onyesho la London la mwongozaji Ivo van Hove lilirushwa moja kwa moja kwenye majumba ya sinema, na mwenzangu wa kazini akanikokota twende. Nilitoka pale kichwa kizito lakini jibu ninalo: Eddie, mwenye hadithi, kachoma watu kwa Uhamiaji, Eddie kafa, tumemalizana. Binti ndiye aliyeniharibia jibu hilo. Tuko jikoni, akaniuliza, "Baba, lakini si hawakuwa na vibali? Sasa Eddie kavunja sheria gani?" Nikamwambia kuna mambo hayafanywi. "Nani kasema?" Nikamwambia amalize chai yake atachelewa shule.

Kwa ambaye hajakutana nayo: Arthur Miller aliiandika kwanza mwaka 1955 ikiwa ya sehemu moja, kisha akairefusha ikawa ya sehemu mbili kwa ajili ya London mwaka 1956, na hiyo ndiyo inayosomwa na kuigizwa hadi leo. Tuko Red Hook, mtaa wa bandarini Brooklyn, New York, kwenye Waitaliano watupu. Eddie Carbone ni kuli wa melini. Yeye na mkewe Beatrice wanamlea Catherine, miaka 17, mtoto wa marehemu dada yake Beatrice. Kiingereza kinamwita mpwa na mambo yanapita kirahisi. Sisi mume wa mama mkubwa ni baba, huna pa kuchepukia, na ukiisoma tamthilia hii huku kichwani unasema Kiswahili, jinsi Eddie anavyomtazama yule binti akipita na viatu vyake vipya vya visigino inakuwa kazi kuvumilia.

Wanakuja ndugu wawili wa ukoo wa Beatrice kutoka Sicily, Marco na Rodolpho. Hawana makaratasi. Marekani ya wakati ule ilikuwa imeibania Italia mlango: tangu sheria ya 1924, nafasi za wahamiaji kwa Italia nzima hazikufika 6,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hawa wanateremka bandarini wamejichanganya na mabaharia. Pale Red Hook watu wa namna hiyo wanaitwa nyambizi. Nilicheka peke yangu usiku ule. Sisi Temeke, kwa vijana waliojificha kwenye meli wakatokea Ugiriki au Durban, tulisema wamezamia. Bahari mbali mbali, watu hawajuani, na wote wameenda kulitafuta neno chini ya maji.

Marco ana mke na watoto watatu nyumbani, mkubwa ni mgonjwa wa kifua, kila anachopata anatuma. Rodolpho hana mtu, ana nywele za dhahabu, anaimba, anapika, anashona gauni. Catherine anampenda. Eddie anasema huyu kijana anataka makaratasi tu. Anakwenda kwa Alfieri, wakili wa mtaa ambaye pia ndiye msimulizi wetu, kuomba sheria imsaidie. Alfieri anamwambia sheria haina la kusema kuhusu binti kupenda. Jambo moja tu ndilo linalohusu sheria, nalo ni jinsi wale jamaa walivyoingia nchini. Eddie anaruka: hilo hapana, hawezi. Tarehe 23 Desemba anarudi amelewa, anakuta Catherine na Rodolpho wametoka chumbani, na baada ya hapo anaingia kwenye kibanda cha simu kuwapigia Uhamiaji.

Kinachoniuma katika kitabu hiki kimewekwa mwanzoni kabisa, kabla wageni hawajafika. Wako mezani. Eddie anamtaka Beatrice amsimulie Catherine habari za Vinny Bolzano, kijana wa mtaani aliyewapasha Uhamiaji habari za mjomba wake mwenyewe. Baba yake na kaka zake watano walimburuta ngazi za ghorofa tatu, kichwa kikidunda kama nazi (nazi ni ya Miller, si yangu), wakamtoa barabarani wakamtemea mate, na mtaa mzima ukilia. Hakuonekana tena. Eddie anakubaliana na kila neno. Anaijua ile sheria kuliko Alfieri anavyozijua zake za vitabuni. Miller hakumpa nafasi ya kusema hakujua.

Halafu kile kiti, mwisho wa sehemu ya kwanza. Eddie amejifanya anamfundisha Rodolpho ngumi, kampiga moja ya kumwonjesha. Marco hasemi kitu. Anaweka kiti mbele ya Eddie, anamwomba akiinue kwa mkono mmoja, akiwa amepiga goti, ameshika mguu mmoja wa kiti chini kabisa karibu na sakafu. Eddie anajaribu, kiti kinalala. Marco anapiga goti, anashika pale pale, anakipandisha taratibu hadi juu ya kichwa huku amemkazia macho Eddie, kisha anatabasamu. Nimejaribu na kiti chetu cha jikoni. Kilipanda sentimita chache kikaniangukia kwenye kifundo, na mke wangu akauliza kutoka chumbani kama nimeanza kunywa. Ndiyo sheria ya mtaa ilivyo kabla mtu hajamwaga damu: kiti kiko hewani, watu wanatabasamu, kila mmoja kaelewa.

Sasa wale wawili. Kwenye sinema sikuwaona, nawaambia ukweli, na usomaji wa kwanza nao niliwaruka. Marco na Rodolpho wanahamishiwa kwa jirani ghorofa ya juu. Kumbe humo humo wamefikia vijana wengine wawili, jamaa za Lipari, mwenye bucha, nao wazamiaji. Eddie anayajua hayo akiwa ameshapiga simu. Tazama anavyohangaika pale: ghafla anataka watolewe, upesi, anadai eti nani ajuaye Lipari ana maadui gani. Maofisa wanagonga, wanashuka na watu wanne. Marco anamtemea Eddie mate usoni, anampigia kelele mbele ya mtaa mzima kwamba huyu ndiye aliyewanyang'anya wanawe chakula. Eddie anamwendea Lipari ajieleze, na Lipari anageuka anaondoka. Baada ya hapo Alfieri anakwenda gerezani kumwekea Marco dhamana, Rodolpho ataoa na atabaki, Eddie atakufa kwa kisu chake mwenyewe mkono ukiwa umegeuzwa na Marco. Wale wawili hawatajwi tena. Wameshuka ngazi, wamekwisha.

Mwaka 2006 nilikuwa naishi nyumba moja na Watanzania wengine sita. Nani alikuwa na makaratasi na nani hana, hatukuulizana. Alfajiri moja, saa kumi na moja, tuligongewa. Waliondoka na watatu, na mmoja wao hakuwa hata mpangaji, alikuwa mgeni wa siku mbili aliyelala kwenye kochi akisubiri basi la kwenda kwa dada yake. Kufika jioni tulikuwa tumeshampata mchomaji. Kulikuwa na mwenzetu tuliyegombana naye habari ya kodi, akahama kwa hasira wiki mbili kabla. Nani mwingine? Hakukuwa na kikao, hakuitwa, hakuulizwa. Alisuswa tu. Akiingia mahali, mazungumzo yanahamia mpira. Mwaka uliofuata alifiwa na mama yake, Tanga. Kawaida ya watu wa hapa, msiba ukitokea daftari linazunguka, mtu asifike nyumbani mikono mitupu. Daftari lile nilikuwa nalishika mimi. Sikulizungusha.

Miller alitupa sisi watazamaji kitu ambacho mtaa hauna: tumemwona Eddie ameshika simu. Marco hakumwona. Alijua tu, na bahati yake alijua sawasawa. Sisi pia tulijua tu, na hadi leo, miaka karibu ishirini, sina kipande cha ushahidi.

Ndiyo maana mazungumzo ya gerezani nimeyasoma mara tatu. Alfieri anataka Marco aahidi kwamba hatamgusa Eddie. Marco anashangaa: basi mtu huyu anafanywa nini? Alfieri anasema hafanywi kitu, kama ametii sheria anaishi. Marco anamjibu kwamba sheria yote haimo kitabuni. Wakili anashikilia kuwa imo humo, hakuna nyingine. Kila nikifika hapo namwona Alfieri ana haki, na kila nikigeuza ukurasa Marco naye anayo. Lakini nilichokitafuta kitabu kizima nisikipate ni mzee mmoja. Yaani mtu wa kumkalisha Eddie mapema, kabla ya simu, amwambie we bwana, mtoto amekua, mwache aende. Nyumbani anayemwambia ni Beatrice peke yake, na Beatrice hana wa kumuunga mkono; Alfieri naye anamwambia, lakini ni wakili tu, ofisini kwake. Mahakama haina neno kwa Eddie kwa sababu hajatenda kosa, mtaa nao hauna neno kwake hadi atende, na katikati hapo pana mwanamume anazunguka na shida aliyoshindwa hata kuitaja jina. Sisemi kikao cha ukoo kingemponya. Vikao vyetu navyo nimevikalia, vingi vinatafuta aibu isitoke nje, binti anaambiwa avumilie, chai inaletwa.

Miller mwenyewe alijua uzito wa kutaja watu. Mwaka 1956 aliitwa na kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, wakamtaka ataje aliowaona kwenye mikutano. Akakataa. Mwaka 1957 akatiwa hatiani kwa kulidharau Bunge, na mwaka 1958 rufaa ikamfutia. Rafiki yake Elia Kazan, aliyewahi kupanga naye filamu ya bandari hiyo hiyo, alikuwa ameshataja mwaka 1952. Ukiwa na hayo kichwani, kile kibanda cha simu kinakuwa kimejaa.

Malalamiko yangu. Kiingereza chake ni cha makuli wa Brooklyn, maneno yamekatwakatwa, na usomaji wa kimya utakuchosha; soma kwa sauti, hata kama wenzako kazini watakuangalia. Rodolpho namwona mwepesi mno, mwandishi anamtumia kuwaudhi wengine kuliko anavyompa maisha yake. Na Alfieri mwishoni ananikera. Anasema siku hizi tunaridhika na nusu na ni afadhali hivyo, kisha anamlilia Eddie kwa kustaajabia jinsi alivyojitoa mzima mzima bila kuficha. Sawa, mlilie. Ila watu wawili wamerudishwa njaani kwa sababu walilala chumba kisicho chao, na wakili hana machozi hata ya heshima.

Kati ya kitabu na onyesho la van Hove, nachagua kitabu. Mark Strong kama Eddie alikuwa moto, lakini waliondoa nyumba: jukwaa tupu, waigizaji pekupeku, hakuna meza, na mwishoni damu ikamwagika kutoka juu kama mvua. Inapendeza macho. Kwangu mimi niliyekulia chumba na sebule watu tisa, haya mambo yalitokea kwa sababu meza ni moja na kila mtu anasikia kitanda cha mwenzake. Ukitoa jikoni umetoa nusu ya sababu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya Alfieri.

Nakala ipo, anayekaa karibu aje aichukue, nimeshaimaliza. Sharti langu moja, asifute penseli. Pale wale vijana wa Lipari wanaposhushwa ngazi, yule mwanafunzi kaandika pembeni "hawa ni nani?" na kapigia mstari mara mbili.