Ami za nyuma za Mustang GT ya 2007: seti mbili nilizojaribu barabarani

Gari langu ni Mustang GT ya 2007, V8 ya lita 4.6 yenye nguvu farasi 300, gia za mkono. Naishi Louisville, Kentucky, na ndilo gari ninalokwenda nalo kazini, dukani na kanisani. Sishindani nalo. Natanguliza hilo kwa sababu karibu kila aliyenishauri kuhusu kontroli ami za nyuma, yaani vyuma vinavyoishikanisha ekseli ya nyuma na bodi, alikuwa mtu wa mbio za robo maili, na mahitaji yake si yangu.

Shida yangu ilikuwa kudunda. Nikiachia klachi kwa haraka kidogo kwenye lami yenye unyevu, nyuma kunapiga du-du-du-du, kama mtu anayegonga sakafu kwa nyundo. Mustang za 2005 hadi 2014 zina ekseli nzima nyuma, yaani magurudumu mawili yameshikwa na ekseli moja ngumu. Ni toleo la 2015 ndilo lililoleta magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Aliyewahi kulala chini ya Prado atautambua mpangilio huu: koili springi, ami zinazoizuia ekseli isiende mbele wala nyuma, na rodi ya Panhard inayoizuia isicheze kushoto na kulia. Ila Prado ina ami mbili chini na mbili juu. Mustang ina mbili chini na moja tu juu, katikati, kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli.

Ukikanyaga mafuta, difu inataka kuinua pua yake, yaani upande wa mbele inapoingia propela. Ami hizo tatu ndizo zinazoikataza. Ami za chini za kiwandani ni bati lililokunjwa, na bushi zake, yaani vitulizo vilivyo kwenye ncha za ami, ni raba laini, na kwenye gari lenye umri kama langu raba hizo zilikuwa zimeshapasuka. Raba inabonyea, ekseli inajipinda, tairi linateleza, raba inarudi, tairi linashika tena, yote hayo mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Usilivumilie jambo hili. Kudunda kwa namna hiyo huvunja shafti za ekseli.

Seti ya kwanza ya ami za chini niliyonunua ilikuwa ya bomba nene la chuma, bushi za poliurethani (plastiki ngumu kuliko raba) pande zote mbili, dola 170. Kudunda kuliisha siku ileile, nalisema hilo kwa haki. Lakini baada ya mvua ya wiki moja zikaanza kulia kila nikipita tuta, mlio wa kitanda kikuukuu. Nikazifungua, nikazipaka grisi, zikanyamaza, kisha zikaanza tena. Hilo ningeweza kulizoea. Kilichonitisha kilitokea kwenye njia ya kuingilia barabara kuu ya I-264, iliyojipinda na yenye kiraka katikati ya kona. Tairi moja la nyuma lilipopanda kiraka, nyuma yote iliruka pembeni ghafla, bila dalili ya kunionya. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma.

Jirani yangu ni fundi wa siku nyingi, kazi aliijifunzia Lubumbashi kwenye Land Cruiser. Nilimpelekea gari, tukafungua ami moja, akaibana kwenye jiriwa kwa bushi ya upande wa ekseli.

“Mdogo wangu, hebu isokote.”

Niliisokota kwa mikono yote miwili. Haikusogea.

“Sasa tairi moja likipanda tuta na jingine likabaki chini, ekseli inalala upande. Ami hii itafuataje?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Ami ya nyuma ina kazi mbili zinazovutana. Kwa urefu wake iwe ngumu, isiruhusu ekseli kusogea. Kwa kujisokota iwe huru, ili ekseli iweze kuinama. Raba ya kiwandani inajisokota vizuri ila inabonyea. Poliurethani pande zote mbili haibonyei, lakini haikubali kusokotwa, kwa hiyo ami zote mbili zinageuka kuwa kama stebilaiza kubwa (chuma kinachozuia gari lisilale upande) ambayo hukuinunua. Kwenye mstari ulionyooka hutaisikia. Kwenye kona yenye shimo, nyuma inakuwa ngumu kwa mkupuo na tairi linaachia.

Seti ya pili, ambayo ipo kwenye gari mpaka leo, ina poliurethani upande wa bodi na bushi ya gololi upande wa ekseli, yaani tufe la chuma ndani ya kikombe, linalozunguka upande wowote lakini halibonyei hata kidogo. Urefu haurekebishwi. Nililipa dola 260. Kwenye jiriwa niliisokota kwa mkono mmoja. Nilipopita tena kiraka kile cha I-264, gari lilitingishika tu likaendelea na kona, na niliipita mara tatu siku hiyo ili nijiridhishe.

Kelele ipo, sitaficha. Nasikia kokoto na viungio vya madaraja zaidi ya zamani. Lakini mngurumo wa difu haukuingia ndani, na sababu ni kwamba sikuigusa bushi laini ya ami ya juu. Kishikio cha ami ile kimefungwa kwenye sakafu chini ya kiti cha nyuma. Ukikiwekea bushi ngumu, sauti ya meno ya difu inapanda moja kwa moja hadi kwa abiria. Wengi waliobadilisha zote tatu kwa pamoja wanazilaumu ami za chini bure. Kama ya juu imechoka, weka mpya yenye raba, na angalia mwaka wa gari kabla ya kulipa, maana za 2005 hadi 2010 na za 2011 hadi 2014 huuzwa kama vipuri tofauti. Ya kurekebishika urefu utaihitaji ukilishusha gari sana au ukibadilisha propela, ili kupanga pembe ya pua ya difu. Propela yangu ni ile ya kiwandani ya vipande viwili, na sina mtetemo.

Gari langu limeshushwa inchi moja na nusu. Bodi ikishuka, ncha ya mbele ya ami inakuwa chini kuliko ncha ya ekseli, na hapo ukikanyaga mafuta nyuma inachuchumaa na tairi halikandamizwi inavyotakiwa. Kwa hiyo niliongeza braketi za kushushia ncha ya ekseli. Nilijaribu tundu la chini kabisa: gari liliondoka kwa nguvu, lakini nikifunga breki kwa ghafla nyuma ilianza kuruka. Nikarudi tundu la juu, ambalo linaifanya ami ikaribie kulala sawa, mbele juu kidogo. Aliye na springi za kiwandani aziache braketi hizo.

Kufunga kulituchukua asubuhi moja. Tulifungua upande mmoja kwa wakati ili ekseli isizunguke, jeki ikiwa chini ya difu na gari likiwa juu ya stendi. Bolti za mwisho tulizikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Ukizikaza magurudumu yananing'inia, bushi za raba zinabaki zimesokotwa muda wote na zitachanika mapema.

Sasa zimepita baridi mbili za chumvi barabarani. Bushi za gololi nilizikagua mwezi uliopita kwa nondo: hazina mchezo, ingawa najua zitaisha kabla ya poliurethani, hasa kama uchafu utaingia. Upande wa bodi una nipeli, nautia grisi kila nikibadilisha oili. Mwanangu bado anakaa kiti cha nyuma, na siku hizi analala njiani.