Nyanya za Oktoba: ziivie kwenye mche au ndani ya boksi?

Oktoba ikiwa na joto kuliko kawaida kusini mwa Uingereza, miche ya nyanya hubaki imejaa matunda ya kijani. Uziache au uzichume?

Kuziacha kunalipa kwa ladha, kwani majani yenye afya huendelea kulisha tunda sukari. Kata kilele, ondoa maua yaliyobaki, punguza majani ya chini ili hewa ipite. Ubaya ni kwamba uvuguvugu huohuo ndio unaoalika bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na matunda ya nyanya: siku mbili mfululizo zisizoshuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, kila moja ikiwa na angalau saa 6 za unyevu wa asilimia 90, zinatosha. Utaona mabaka ya kahawia kama yamelowa, ukungu mweupe chini ya jani, kisha shina linakuwa jeusi. Ndani ya siku chache bustani nzima imekwisha.

Kuchuma ni salama zaidi, ila si kila nyanya inafaa. Chagua iliyofikia ukubwa wake na kuanza kung'aa. Changa itasinyaa tu (hiyo ni ya achari). Panga safu moja kwenye boksi, weka ndizi mbivu, maana gesi yake ya ethilini huivisha, funika, acha penye nyuzi 18 hivi. Friji hapana! Kagua kila siku, utoe yenye baka.

Utabiri ukionyesha ukavu, ziache. Mvua na usiku wa joto vikija pamoja, chuma zote siku hiyohiyo.