Boksi la kujengea madaraja darasani: vijiti safi, gundi na ndoano hapana

Nimelitumia mihula miwili na wanafunzi 32, vikundi 8. Ndani mna vijiti bapa vya mbao 800, chupa mbili za gundi nyeupe, uzi, ndoano ya plastiki ya kuning'inizia mzigo na kijitabu cha maelekezo. Vijiti ni vizuri. Vilivyopinda havikufika thelathini.

Shida ilianza na kijitabu. Kinasema gundi ikae nusu saa. Tukakitii, na daraja la kwanza likaanguka kwa kilo 4. Tulipookota mabaki, hakuna kijiti hata kimoja kilichovunjika. Maungio yote yalikuwa yameachia, gundi bado inanata vidoleni. Wiki iliyofuata tuliyabana maungio kwa vibanio vya nguo, tukayaacha hadi kesho yake. Umbo lilelile, vijiti vilevile: kilo 17.

Na safari hii lilikufa kwa namna nyingine. Kijiti cha juu kilijipinda kwenda pembeni, taratibu, kisha daraja zima likalala. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona kimepinda wakati tunavuta chini?" Swali hilo peke yake lilinilipa pesa ya boksi. Vijiti vya juu hugandamizwa, vya chini huvutwa, na kijiti kirefu chembamba kikigandamizwa hukwepa pembeni kabla mbao yenyewe haijashindwa. Ukikishikilia katikati, urefu ulio huru unabaki nusu, na uwezo wake wa kuhimili kupinda unakuwa mara nne. Kijitabu hakigusi hayo. Kinachora umbo la Warren tu, pembetatu mfululizo, bila kusema kwa nini pembetatu. Mimi niliwapa fremu ya mraba na ya pembetatu wazisukume kwa kidole. Mraba ulilala, basi. Halafu nikawachorea umbo lingine la daraja, la Pratt, la mwaka 1844, ambalo vijiti vyake vya mshazari huvutwa badala ya kugandamizwa.

Ndoano? Ilinyooka kwenye kilo 19, daraja likiwa zima. Tafuta ya chuma, ning'iniza ndoo karibu kabisa na sakafu, mimina mchanga kikombe kwa kikombe, na kila aliye karibu avae miwani ya kinga.

Msitumie pia utaratibu wao wa alama, unaompa ushindi aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote. Gawanyeni mzigo kwa uzito wa daraja lenyewe. Kwetu daraja la gramu 140 lilibeba kilo 21, yaani mara 150 ya uzito wake. Lile la gramu 62, ambalo wenzao walilicheka, lilibeba kilo 15.5: mara 250.

Nyota tatu kati ya tano. Vijiti vilivyokwisha kugandishwa havitumiki tena, kwa hiyo muhula wa pili niliagiza vijiti vitupu, na hapo ndipo nilipogundua kuwa vinauzwa peke yake.