Mashua ya Kioo Malindi na Watoto Wadogo: Pesa Yako Inarudi?

Assalaam aleikum jamani, karibuni tena. Leo nachambua kitu ambacho mgeni akifika Malindi huuziwa hata hajatua begi: safari ya mashua ya kioo, yaani yenye kioo sakafuni cha kutazamia chini, ndani ya hifadhi ya bahari. Ila mimi naichambua kwa jicho la mzazi. Ninao wawili, wa miaka sita na wa miaka mitatu, na wa miaka mitatu ndiye jaji mkali kuliko wote.

Jibu nalitoa mapema msinizimie video: inafaa. Lakini usinunue mashua, nunua maji. Muuzaji pale ufuoni atakwambia, "Saa yoyote mama, ukiwa tayari tunatoka." Haya, ukitoka maji yamejaa, chini ya kioo utaona buluu tu, na mtoto mdogo hawezi kukodolea macho buluu kwa dakika tano. Maji yakipwa, yaani yakishuka, matumbawe yanasogea mpaka unaona samaki pono anavyoyagwaruza kwa meno.

Basi angalia mwezi kabla ya kuuliza bei. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kupwa huangukia saa nne, saa tano za asubuhi. Hiyo ni saa ya watoto kabisa: wamelala, wamekula, hawajaanza kununa. Kila siku inayofuata maji huchelewa karibu dakika 50, kwa hivyo ukingoja siku tatu nne unajikuta baharini jua la utosi.

Na Sabaki je? Mto huo unamwaga kaskazini ya mji. Mvua kubwa ikipiga bara, unashuka na udongo mwekundu na bahari inakuwa chai ya maziwa. Hapo hata kioo kiwe cha almasi, huoni kitu. Upepo wa kusi ukikaza, Juni na Julai, shida ni mawimbi. Mimi na wanangu hutoka msimu wa upepo wa kaskazi, Januari na Februari, basi.

Sasa chombo chenyewe. Kioo kiko katikati, mabenchi pembeni. Kabla hujalipa, panda, inama, kitazame: kuna vilivyochakaa kwa mikwaruzo mpaka samaki wote wanakuwa ukungu. Wangu mdogo hakukaa benchini hata kidogo. Alilala kifudifudi, pua imebandikwa kwenye kioo, pumzi yake ikikitia mvuke, na nahodha kila mara anakipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi bila kuchoka. Mungu ambariki. Hifadhi hii ni ya 1968, yenyewe na ya Watamu ndizo za kwanza za bahari hapa Kenya, na ndani ya hifadhi hakuvuliwi. Ndiyo maana samaki hawakimbii kivuli cha mashua. Yule mkubwa alipoambiwa kwamba mchanga mweupe sehemu yake hutoka tumboni mwa pono, anatafuna matumbawe na kuyatoa kama unga, alicheka mpaka nikaogopa ataanguka.

Wapo wanaorusha mkate ili samaki wajazane. Kataa. Watoto watalalamika kidogo, halafu watasahau.

Kasoro kubwa? Majaketi ya kuokolea. Chombo kimoja nilichopanda yalikuwa ya watu wazima matupu. Mtoto wangu alipoinua mikono, jaketi likapanda hadi masikioni na yeye akabaki chini yake. Hilo halimsaidii mtoto, linamponyoka tu majini. La mtoto linatakiwa kuwa na mkanda unaopita katikati ya mapaja. Kama hawana, shuka, tafuta chombo kingine, wala usione haya.

Mengine upesi upesi. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, mbali na pesa ya mashua, na viwango hubadilika, kwa hivyo viangalie kabla ya kutoka. Maji ya kunywa yatie kwenye chupa ya kudumu. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020. Mbaazi za nazi asubuhi hiyo achana nazo, mahamri makavu yanatosha. Kaa mbali na injini, maana moshi nao huchangia kutapisha watoto. Na viatu vya mpira, kwa sababu ya wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba.

Kwa umri: miaka mitano na kuendelea, usisite, na kama amezoea maji mvalishe miwani na mrija ashuke na wewe. Mitatu minne, saa moja inamtosha, mwambie nahodha mapema arudi. Chini ya miaka miwili mimi singelipa. Mweke ufuoni kwenye kivuli cha mivinje na ndoo yake, wazazi mpande kwa zamu.