Mimea ya vikombe vya maabara: tathmini baada ya wiki nane ndani ya tangi jipya

Nilinunua vikombe sita vya mimea ya maji iliyooteshwa maabara kwa ajili ya tangi la samaki la lita 60 ambalo nilikuwa nimeliwekea udongo mpya, na nikangoja wiki nane kamili kabla ya kuandika tathmini hii, kwa kuwa mmea wa tangi hauhukumiwi siku unapopandwa. Siku hiyo kila mmea hupendeza. Kampuni iliyoiotesha sitaitaja, maana sehemu ya malalamiko yangu inaihusu karatasi yake ya maelekezo, na mengi ya nitakayoyasema yanahusu bidhaa za aina hii kwa jumla, awe amezitengeneza nani.

Kikombe chenyewe ni cha plastiki angavu kilichofungwa kwa kifuniko kisichopitisha vumbi, na ndani yake mimea midogo imesongamana juu ya jeli yenye sukari na madini. Uoteshaji wa namna hii si jambo jipya: mchanganyiko wa madini unaotumika sana katika maabara za mimea ulichapishwa na Murashige na Skoog mwaka 1962, na tangu hapo umekuwa ukirekebishwa kulingana na aina ya mmea. Faida yake kwa mfugaji wa samaki iko wazi. Kwa kuwa kila kitu kimekuzwa pasipo vijidudu, kikombe hakiji na mayai ya konokono, hakiji na nyuzi za mwani, wala hakiji na mabaki ya dawa za wadudu, ambazo huua uduvi hata zikiwa kidogo sana. Kwa upande huo sina lawama hata moja: hadi leo sijaona konokono yeyote aliyetoka katika vikombe hivi.

Kazi ya kwanza ni kuosha jeli, na hapa ndipo ninapomwomba mnunuzi asiharakishe. Niliutoa mmea wote kikombeni, nikautia katika bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha nikaanza kuitenga jeli kwa ncha za vidole. Sehemu yake kubwa hutoka kwa mabonge. Iliyobaki hujificha katikati ya mizizi, na kwa kuwa rangi yake inakaribiana na ya maji, haionekani kwa macho bali hujulikana kwa utelezi wake vidoleni. Nilibadilisha maji ya bakuli mara tatu kwa kila kikombe. Tatizo ni ile sukari: jeli ikiingia tangini pamoja na mizizi, bakteria na kuvu huifuata, na baada ya siku mbili tatu utando mweupe kama pamba hujitokeza shingoni mwa mmea. Kikombe cha nyasi fupi za Eleocharis nilikiosha mwisho nikiwa nimeshachoka, na vishada vinne kati ya kumi na viwili vilifanya utando huo, ikanibidi kuving'oa, kuvisuuza na kuvipanda upya. Karatasi ya maelekezo inasema tu kwamba jeli iondolewe. Haielezi ni kwa nini, na mtu asiyejua sababu huridhika mapema.

Baada ya kuosha hufuata kugawa. Kikombe kimoja cha Hemianthus callitrichoides, ule mmea wa majani madogo kama vichwa vya pini unaotandaa chini kama zulia, nilikigawa katika vishada ishirini, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa ncha ya kidole. Kishawishi ni kuacha vishada vikubwa ili eneo lijae haraka, lakini katikati ya kishada kikubwa mwanga haufiki na maji hayazunguki, kwa hiyo kinaoza kutoka ndani kwenda nje. Udongo niliuweka kina cha sentimita 6, nikaulowanisha bila kuufurikisha, na nikapandia kwa kibano kirefu chenye ncha nyembamba: unaushika mmea kwenye mizizi, unauchomeka kwa mshazari mpaka karibu nusu yake izame, unakifungua kibano kidogo, kisha unakitoa kwa kukitikisa polepole. Ukikivuta wima, mmea unakufuata. Hata kwa uangalifu huo, nilipoanza kumimina maji juu ya karatasi ya plastiki ili udongo usichimbike, vishada kumi na kimoja vilielea. Huu ni udhaifu halisi wa bidhaa, kwa sababu mizizi iliyokulia kwenye jeli ni laini na mifupi na haina cha kung'ang'ania udongo nacho katika siku za mwanzo. Bucephalandra peke yake haikunisumbua, kwa kuwa huo ni mmea wa kubandikwa juu ya jiwe kwa gundi ya papo hapo. Shina lake nene linalotambaa halitakiwi kufukiwa kabisa.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu neno moja katika ile karatasi: kwamba mimea iko tayari kwa tangi. Haiko tayari, na kumwambia mnunuzi hivyo ni kumwandalia hofu katika wiki ya pili. Ndani ya kikombe jani limezungukwa na hewa yenye unyevu mwingi, na chakula chake hukipata kwa sehemu kubwa kutoka kwenye sukari ya jeli. Likizamishwa majini linapoteza vyote viwili kwa wakati mmoja. Kaboni dioksidi husambaa majini polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000, na jani lililoumbwa kwa ajili ya hewa, lenye utando wa nta na vitundu vya kupumulia, halina njia nzuri ya kuifyonza hewa hiyo katika mazingira mapya. Mmea haulirekebishi jani la zamani. Huliacha lichakae, huku ukivuta virutubisho vinavyovutika, na hutengeneza jani jingine, jembamba zaidi na mara nyingi lenye umbo tofauti, ambalo hufyonza moja kwa moja kupitia ngozi yake. Kwa hiyo majani yaliyokuja na kikombe hayakuja kukaa, na anayeyatumia kupima ubora wa bidhaa anapima kitu kinachoondoka.

Kwangu mambo yalikwenda hivi. Rotala rotundifolia ilidondosha majani ya chini ndani ya siku kumi, lakini kilele kilikuwa kimeshaanza kutoa majani membamba. Staurogyne repens ilisimama tu kwa wiki tatu, haikukua wala haikufa. Cryptocoryne wendtii iliyeyuka yote: majani yaligeuka kama karatasi iliyolowa, yakawa yanapitisha mwanga, na siku ya kumi na nne pale nilipokuwa nimepanda mimea minane hapakuwa na kitu cha kijani zaidi ya vikonyo viwili. Wengi hung'oa wakati huo na kutupa, na kwa kufanya hivyo hutupa mmea hai. Mimi nilikata yaliyooza kwa mkasi, nikayatoa ili yasichafue maji, na kila baada ya siku chache nikawa naushika mmea mmoja mmoja kwa kibano na kuuvuta kidogo sana. Ukikataa kutoka, mizizi imeshika, na kwangu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko rangi ya majani. Mimea sita kati ya minane ilikataa. Jani jipya la kwanza, lenye rangi ya kahawia na lililokunjwa kama sindano, lilichomoza katika wiki ya tano.

Jambo la pili nisilokubaliana nalo katika karatasi ni ushauri wa kuwasha taa kwa muda wa saa 10 kila siku tangu mwanzo. Mmea usio na majani ya majini hauwezi kuutumia mwanga wote huo, na mwanga usiotumiwa na mmea hutumiwa na mwani. Mimi nilianza na saa 6, nikaongeza nusu saa kila wiki kuanzia wiki ya nne hadi nikafika saa 8. Gesi ya kaboni dioksidi niliifungua saa moja na nusu kabla ya taa kuwaka, ili kiashiria cha kiasi cha gesi hiyo kilichoning'inizwa ndani ya tangi kiwe kimeshatoka kwenye bluu na kuwa kijani wakati mimea inapoanza kazi. Kwa kuwa tangi halikuwa na samaki, sikuwa na hofu ya kuzidisha kidogo.

Udongo nao una sehemu yake. Udongo wa tangi wenye rutuba hutoa amonia nyingi katika wiki za mwanzo, na bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti na hatimaye naitreti huhitaji takriban mwezi mmoja hadi kuwa wa kutosha. Nilibadilisha nusu ya maji kila siku katika wiki ya kwanza, kila baada ya siku moja katika wiki ya pili, na mara mbili kwa wiki baada ya hapo. Ni kazi ya kuchosha, lakini hiyo ndiyo iliyoniokoa na mwani wa kijani. Mwani wa kahawia, yaani daiatomu, sikuukwepa: wiki ya tatu ulifunika mawe na majani kama vumbi, nikawa naupangusa kwa brashi laini, na wiki ya sita ukawa umeondoka wenyewe. Sidhani kuna tangi jipya lisilopita hapo.

Ili kuwa mwadilifu nilipanda pia, kwenye kona moja, Cryptocoryne ileile iliyotoka kwenye chungu cha kawaida chenye pamba ya mawe. Nayo ilipoteza majani yote, ila shina lake lilikuwa nene na lenye akiba, na jani jipya lilitokea wiki ya tatu, wiki mbili kabla ya lile la kikombe. Pamoja na chungu hicho walikuja konokono watatu, na kuitoa pamba ile katikati ya mizizi kulichukua muda mrefu kuliko kuosha vikombe viwili. Vallisneria niliyopewa kutoka tangi jingine, ikiwa tayari na majani ya majini, haikuyumba hata kidogo. Tahadhari yake ni moja tu, kwamba isitiwe dawa ya majimaji yenye glutaraldehaidi inayouzwa badala ya gesi, kwa kuwa mmea huo hudhurika nayo kwa urahisi.

Kwa mwenye uduvi, au kwa anayetaka zulia la mimea midogo ambayo kikombe kimoja hutoa vishada vingi, ningenunua vikombe tena bila kusita. Kwa Cryptocoryne ningechukua chungu na kuvumilia konokono. Kwa asiye na gesi wala muda wa kubadilisha maji katika mwezi wa kwanza, Hemianthus ya kikombe nisingemshauri hata kidogo: hata kwangu, kwenye upande ambao mkondo wa kichujio hauufikii vizuri, vishada vitano vilipauka na kufa, ilhali vile vilivyo mbele ya mkondo vimeshaungana na kuanza kupanda juu ya mawe. Kile kipande kilichobaki wazi nimekipanda wiki hii vipogoleo vya zulia hilohilo, vyenye majani yaliyoumbwa majini, baada ya kuligeuza bomba la kichujio lielekee huko.