Bakora ya pembe ya kuchungia kondoo: miezi saba nikiwa nayo

Mimi nimekulia Simanjiro kwenye ng'ombe na mbuzi, kwetu fimbo imenyooka, unaswagia mifugo na kuegemea ukichoka, basi. Sasa hivi nipo Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, nafanya kazi shamba la kondoo, na huku bila bakora yenye ndoano utakimbizana nao mpaka giza.

Ya kwanza niliagiza mtandaoni pauni 35. Picha kali kweli, kumbe kichwa ni plastiki imepakwa rangi ya pembe na mdomo wa ndoano ni mpana, ukimnasa kondoo mguu wa nyuma anauchomoa kama anavua kandambili. Wiki ya tatu kichwa kikang'oka, kondoo huyooo. Nikawaandikia wauzaji, kimya mpaka leo.

Hii ya sasa nimenunua kwa mzee mmoja kwenye maonyesho ya kilimo, pauni 140, ndio najua, hata mimi roho iliniuma. Ila yule mzee alitoa mfukoni sarafu ya peni ya zamani, ile kubwa ya kabla ya 1971, akaipitisha kwenye mdomo wa bakora ikapita kwa kubana, akasema ya kunasa mguu inapimwa hivyo, ya shingo ndo unapima na vidole vinne. Mti wenyewe ni hazel, mti mdogo wa huku Ulaya, anaukata wakati wa baridi utomvu ukiwa umeshuka halafu anauacha ukauke taratibu mwaka mzima au zaidi bila kuugusa. Pembe anataka ya dume lililokomaa, sababu ya dume changa ina uwazi mkubwa ndani, anaipasha moto mpaka inalainika, anaibana kwenye jiliwa na kuipinda kidogo kidogo, halafu ni tupa na msasa siku nzima. Banda lake lote linanuka nywele zilizoungua yaani.

Kazini haijaniangusha, kondoo akinasa amenasa. Ubaya wake vanishi imeanza kubanduka pale ninaposhika, na usiiache chini, mbwa wa shambani aliitafuna pembe dakika mbili tu, alama zipo hadi leo.

Nimemuomba mzee anitengenezee ya pili, ndefu kidogo maana mimi mrefu. Kasema nisubiri, miti aliyokata baridi iliyopita bado mibichi.